Zinduru, Nchi Iliyookoa Mawe Yake

Nchi ya Zinduru ina sheria mia mbili na tisa za kulinda mambo ya kale. Siku niliyoingia huko lilikuwa limebaki jengo moja tu la kale lililosimama. Nilikaa siku arobaini na mbili, na nilipoondoka hata hilo halikuwepo. Naandika niliyoyaona kwa sababu kuna watu wa kwetu wameanza kuisifia nchi hiyo, na wanataka tuige sheria zake.

Kazi yangu ni uashi. Nimejenga na kutengeneza kuta za mawe kwa miaka ishirini na saba. Mpakani mwa Zinduru askari hakuniuliza kama nina bunduki. Aliuliza kama nina mwiko. Nilipomwonyesha alimwita mwenzake, wakautazama wote wawili, wakaufunga kwa kamba na kuupiga lakiri, muhuri wa nta. Karatasi niliyopewa ilisema nimeingia na "chombo kinachoweza kuongeza", na kwamba nikikutwa lakiri imekatika nitafungwa mwaka mmoja. Nyundo na tindo walinirudishia bila neno. Nyundo inabomoa tu, na Zinduru kubomoa hakuna shida kubwa.

Sheria yao ya kwanza imeandikwa juu ya mlango wa kila ofisi: Kilicho cha kale kisiongezwe. Maana yake, penye ufa pasizibwe, kilichoinama kisiegemezwe, kilichoanguka kisiinuliwe. Anayetaka kuziba ufa anaomba kibali kwa Kamati ya Marekebisho. Kamati hukutana mara moja kwa mwaka, mwezi unaofuata masika, kwa kuwa wakati wa masika barabara hazipitiki, na kabla ya masika wajumbe wako likizo. Lakini kuna kibali kingine kinachotolewa dirishani siku hiyo hiyo na karani mmoja. Hicho huitwa kibali cha uokoaji. Jengo likithibitishwa kwamba liko hatarini, linaokolewa. Na kuokoa, kwa Wazinduru, ni kulibomoa jengo jiwe kwa jiwe, kuandika namba juu ya kila jiwe, kuyatia mawe kwenye magunia na kuyapeleka Ghala Kuu.

Aliyenipokea mjini alikuwa Mhifadhi Mkuu, Bwana Kirobo Ndaremo, mzee mpole mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Habari zangu za mpakani zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Alifurahi kupata mwashi, maana Zinduru waashi walikwisha zamani; nani ajifunze kazi ambayo chombo chake kinapigwa lakiri? Alihitaji mwashi mmoja atoe ushahidi mahakamani, na sheria ilitaka awe mgeni asiye na upendeleo. Nilikuwa natafuta kazi, nikakubali kabla sijauliza kesi yenyewe ni ya nini. Hilo kosa ni langu.

Kwanza alitaka nione Ghala Kuu. Ni refu, ukisimama mlangoni huoni mwisho wake. Magunia yamepangwa hadi darini, na kila safu ina jina lake. Hapa ngome ya Rukomo, magunia elfu tatu. Pale kaburi la malkia fulani, magunia mia na kumi na moja. Kulikuwa na msikiti, lango la mji, daraja, mnara, na nyumba nzima ya ghorofa ambayo ngazi zake zilikuwa kwenye safu moja na kuta kwenye safu nyingine, kwa kuwa ziliokolewa na idara mbili tofauti. Bwana Kirobo alipita katikati akiyagusa magunia kwa upendo, kama mfugaji anavyogusa migongo ya ng'ombe wake.

"Unaona, fundi?" alisema. "Tangu tuanze, hatujapoteza jiwe hata moja."

Nilimwuliza ni jengo gani limewahi kutolewa humo na kujengwa tena. Alinitazama kama nimemtukania mama.

"Kujenga tena ni kuongeza," alisema. "Wewe ni mgeni, sitaliandika hilo."

Paa la ghala lilikuwa na matundu. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimefuta namba za upande wote wa mashariki, kwa hiyo nusu ya ngome sasa ilikuwa rundo la mawe kama mawe ya popote. Nikashauri wazibe paa. Akanieleza, kwa huzuni ya kweli kabisa, kwamba ghala lenyewe lilitimiza miaka hamsini mwaka jana, likaingizwa kwenye daftari la mambo ya kale, na sasa haliwezi kuguswa. Kamati ingelifikiria baada ya masika.

Mahali majengo yalipokuwapo wameweka vibao vya kusema ni nini kiliokolewa hapo. Vibao hivyo hupakwa rangi mpya kila mwaka. Niliona kimoja katikati ya uwanja wa kuuzia magari, na magari yameegeshwa kukizunguka kwa adabu. Mtu akikwaruza kibao anafungwa.

Kesi ilimhusu mwanamke wa kijiji cha Mbuyapi, Bi Mwanaunju, mtunza birika la kuhifadhia maji ya kijiji. Alishtakiwa kwa kosa la kuongeza. Nilipelekwa kijijini siku mbili kabla ya kesi ili nikague.

Ukiacha ghala lenyewe, birika la Mbuyapi ndilo lililokuwa jengo la mwisho la kale. Nusu yake imechongwa kwenye mwamba wa mlima, nusu imejengwa kwa mawe, na juu kuna kuba. Mfereji unashuka kutoka mlimani ukileta maji ya mvua. Kaya sitini zinakunywa humo mwaka mzima, maana hakuna mto wala kisima karibu. Nimeona mabirika mengi. Hilo lilikuwa kazi ya watu waliojua wanachofanya. Lipu ya ndani ilikuwa laini kama bakuli la kaure, na haikuwa na harufu ya uozo hata kidogo.

Kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya masika, maji yakishuka, watu wa ukoo wa Bi Mwanaunju huingia ndani wakapaka chokaa. Mama yake alipaka, na bibi yake, na waliotangulia. Hakuna aliyejua kwamba birika ni la kale mpaka msomi mmoja alipopita, akalipiga picha na kuandika habari zake. Miezi mitatu baadaye likaja gari la serikali na kamba. Birika likaandikwa kwenye daftari, likazungushiwa kamba, likawekewa askari wawili. Kuteka maji kuliruhusiwa, kwa sababu kuteka ni kupunguza. Kupaka chokaa kukawa marufuku.

Sasa sikiliza jambo hili. Sheria ilipima eneo la urithi kuwa ukuta pamoja na hatua moja ya mtu mzima. Hatua moja. Nje ya hapo mlima ulikuwa wa kampuni ya kokoto, nayo ilikuwa ikipasua mwamba kwa baruti kila siku saa nne na saa tisa. Niliposimama pale saa tisa ilipofika, ardhi iliruka chini ya miguu yangu na maji ndani ya birika yakacheza kama yamo kwenye sufuria iliyobebwa kichwani. Nilimwuliza askari kwa nini hawazuii.

"Sheria inakataza kugusa," alijibu. "Baruti haigusi."

Ukuta wa upande wa mlima ulikuwa na ufa. Ulianzia chini, mpana wa vidole viwili, ukapanda kuelekea kwenye kuba. Nusu ya ufa, ile ya chini, ilikuwa imezibwa kwa kazi safi sana. Nusu ya juu ilikuwa wazi. Bi Mwanaunju alikuwa ameingia askari walipokwenda kula, akafanya kazi mpaka waliporudi wakamkuta na mikono myeupe hadi viwiko.

Nilimkuta ameketi nje ya kamba, kwenye jiwe. Alikuwa na miaka sitini na nane, mwembamba, macho makavu yanayopima watu.

"Wewe ndiye fundi wa serikali?"

"Mimi ni fundi, mama. Wa serikali nimekuwa tangu juzi."

"Basi, fundi wa tangu juzi, niambie. Ukuta huu utavuka masika?"

Nilimwambia kweli. Masika yalikuwa wiki mbili mbele. Birika likijaa, uzito wa maji ungeusukuma ukuta palipo wazi, na ungepasuka.

"Na ukimaliziwa?"

"Asubuhi moja ya kazi. Utakaa miaka mia mingine, kama watu wa kokoto wataacha."

"Asubuhi moja," alisema. Kisha akautazama mfuko wangu, mahali mpini wa mwiko ulipochungulia.

Nilijua anachotazama. Chokaa yake ilikuwepo bado, shimoni nyuma ya nyumba. Askari wote wawili walikuwa wakicheza bao. Sikukata lakiri. Niliogopa mwaka mmoja jela katika nchi ya watu, nikajiambia kwamba nitasema ukweli mahakamani na ukweli utatosha. Bi Mwanaunju hakunisukuma. Alisema tu kwamba nisimwite mama kama sina kazi ya kumfanyia, nimwite mshtakiwa kama wenzangu.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Wanawake wa Mbuyapi walikuja na ndoo zao, kwa sababu mjini kuna bomba na hawakutaka kurudi mikono mitupu. Hakimu Lugendo alikuwa mtu wa makini, asiye na ukali. Nasema hivi ili msidhani kwamba niliona watu wabaya. Katika nchi ile sikuona mtu mbaya hata mmoja. Niliona watu waliosoma sheria zao vizuri.

Bwana Kirobo alisoma mashtaka mwenyewe. Alieleza kwamba lipu ya birika ni ya kale na ya thamani isiyo na mfano, na kwamba mshtakiwa ameifunika kwa chokaa ya juzi. Ili kuthibitisha ukale wake alitoa kigae kidogo chekundu, kilichokatwa ndani ya lipu hiyo na wataalamu, kikalazwa juu ya pamba kwenye sanduku la kioo. Alisema kimechunguzwa kwa muda wa mwaka mzima. Mistari iliyochorwa juu yake ilionyesha biashara na falme za mbali, na umri wake ulikuwa miaka mia sita.

Hakimu alimruhusu mshtakiwa akitazame. Bi Mwanaunju aliinama juu ya kioo.

"Hiki ni chungu changu cha mboga," alisema.

Karani aliacha kuandika.

"Nilikinunua kwa Mwanasiti mfinyanzi, yule pale nyuma, mwulizeni. Mbuzi alikivunja. Vigae nikaviponda nikavitia kwenye chokaa mwaka juzi, kama tunavyofanya siku zote. Hiyo mistari Mwanasiti huichora kwa kijiti cha mtama."

Mwanasiti alisimama nyuma na ndoo yake, akasema ni kweli, na kwamba anavyo vingine sokoni kama wataalamu wanavihitaji. Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza. Mimi pia nilicheka. Nilidhani kesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wakili wa kampuni ya kokoto, Bwana Shadhili, ambaye alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, alisimama akaomba neno hilo liandikwe lote. Akasema kama lipu ni ya mwaka juzi, basi birika lililoandikwa kwenye daftari, yaani birika na lipu yake ya kale, halipo. Kilichopo ni tangi la maji la kijiji. Liondolewe kwenye daftari, kamba ifunguliwe, na mteja wake apewe na kipande hicho cha mlima kilichobaki.

Bwana Kirobo aliinuka. Alijibu kwamba daftari haliwezi kukosea, kwa kuwa sheria ya tisa inasema daftari halikosei. Kwa hiyo kigae ni cha miaka mia sita, na mbuzi asizingatiwe. Wakajadili mbuzi kwa muda wa saa nzima. Kama anaweza kuvunja chungu kabla ya kuzaliwa kwake. Kama mfinyanzi anayechora mistari ya kale anatengeneza kitu cha kale. Kama mwanamke anayepaka kila mwaka ametenda kosa moja au makosa mengi. Walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba akikiri amepaka tangu ujana, mashtaka yapande kutoka moja hadi arobaini na nne.

Kisha nikaitwa mimi. Nilisema ufa unaanzia chini upande wa mlima, na ufa wa namna hiyo unaletwa na mtikisiko, na kwamba usipozibwa birika halitavuka masika. Nilisema baruti ndiyo inayoua birika, na kwamba mahali pekee ambapo ukuta bado una nguvu ni pale mama huyu alipoziba.

Hakimu alinisikiliza kwa heshima. Akaniambia kwamba sikuulizwa habari za ufa. Ufa haukushtakiwa.

"Fundi, chokaa iliyo kwenye ufa ni mpya au si mpya?"

"Ni mpya, lakini..."

"Andika, karani. Shahidi amethibitisha kuwa ni mpya."

Hivyo ndivyo ukweli wangu ulivyotumika. Neno moja lilichukuliwa na mengine yakaachwa sakafuni. Nilishuka kizimbani nikiwa nimemsaidia aliyemshtaki. Nimewahi kuangusha jiwe juu ya mguu wa mwenzangu na sikujisikia vibaya kama siku ile.

Hakimu alimgeukia Bi Mwanaunju, akamweleza pole pole ili aelewe. Kama atasema birika ni la kale, atakuwa amekiri kosa, atafungwa, na birika litabaki chini ya ulinzi, bila kuguswa, hadi Kamati ikutane. Kama atasema ni kazi ya mikono yake, yuko huru kwenda nyumbani, na birika halitakuwa urithi tena. Achague.

Alisimama bila kushika popote.

"Mheshimiwa, hilo birika ni la kale kwa sababu linapakwa. Wazee wangu wangelichunga kama mnavyolichunga ninyi, mngekuta shimo. Mnaniuliza ni la wazee au ni langu. Waliniachia ili niwe nalifanyia kazi. Mnataka nijibu nini hapo?"

Hakimu alisema jibu hilo halina mahali pa kuandikwa. Karani akageuza karatasi, akatafuta, akathibitisha kwamba hapana.

Wakaenda kunywa chai. Waliporudi, hukumu ilikuwa tayari, na kila mmoja alifurahi isipokuwa watu wa Mbuyapi. Kwa kuwa shahidi mgeni amethibitisha kwamba birika lina ufa na haliwezi kuvuka masika, birika liko hatarini. Kwa hiyo liokolewe. Hapo maneno yangu juu ya ufa yalipatikana ghafla na kusomwa yote. Urithi utakuwa salama ghalani. Kampuni itapata mlima wake. Mshtakiwa hatafungwa, kwa kuwa hakutakuwa na kitu cha kuongeza. Tena, mahakama imeona kwamba ufundi wa kupaka mabirika nao uko hatarini, kwa sababu kuanzia wiki ijayo hakutakuwa na birika. Basi nao uokolewe. Bi Mwanaunju aandikwe kwenye daftari kama urithi wa taifa, apewe kiti Ghala Kuu, na vipimo vyake vya chokaa viwe mali ya serikali. Kuvifundisha, kuvitumia au kuvitoa nje ya nchi ni kosa.

Bwana Kirobo alilia kwa furaha. Alinipa mkono wa pongezi, nami nikaupokea kabla sijafikiri, kwa mazoea ya adabu. Mkono huo ninao bado na bado unaniudhi.

Uokoaji ulichukua siku nne. Walikuja watu themanini na chaki. Nilikwenda kuona kwa sababu nilijiona nina deni hilo la kuona. Ndani kulikuwa na maji hadi kiunoni, maji ya kufikisha kaya sitini kwenye masika. Wanawake walipanga ndoo. Mkuu wa uokoaji aliangalia karatasi yake, akakuta maji hayakuandikwa kwenye daftari, na kazi ilikuwa na ratiba. Wakatoboa upande wa chini. Maji yalitoka kwa kishindo, yakashuka hadi barabara ya kampuni, yakatuliza vumbi la malori kwa siku moja.

Sehemu iliyowashinda ilikuwa ile aliyoziba Bi Mwanaunju. Mawe ya pale yalikataa kuachana. Walitumia tindo, wakatumia nyundo kubwa, mwishowe wakaomba baruti kidogo kwa jirani zao wa kokoto. Vipande viliandikwa namba moja kwa pamoja. Birika zima lilikuwa magunia mia nane na sita. Palipokuwa mlango wa kutekea wakachimbia kibao kipya: Hapa palikuwa na birika. Limeokolewa.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tano. Ilikuwa mvua nzuri, ya masika kamili. Mfereji wa wazee ulishusha maji kama ulivyozoea, yakafika kwenye kibao, yakapita. Watu wa Mbuyapi walisimama chini ya mapaa yao na masufuria. Masufuria hayakai na maji miezi minane. Walijua hivyo. Wengine walianza kufunga mizigo mvua ikinyesha.

Nilikwenda Ghala Kuu Alhamisi, siku ambayo ufundi ulioonyeshwa kwa umma ni ule wa kupaka. Bi Mwanaunju aliketi kwenye kiti chenye namba. Mbele yake palikuwa na ubao mkavu, na mkononi alikuwa na mwiko wa mbao usiokuwa na kitu. Kila robo saa alitakiwa kupeleka mkono juu na chini. Wageni walikuwa sita, walisimama nyuma ya kamba. Karani alikaa kando yake kuhakikisha haongezi neno, kwa kuwa mikono iliruhusiwa kuonekana lakini vipimo ni siri ya serikali. Kutoka darini maji yalidondoka juu ya magunia ya Mbuyapi, na niliyasikia magunia yakinywa.

Aliponiona aliuweka mwiko wa mbao chini.

"Fundi wa tangu juzi," alisema. "Umekuja kutoa ushahidi tena?"

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Radhi haishiki maji. Una masikio?"

Nikasema ninayo. Akaanza kunitajia vipimo, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wageni wote, kama mtu anayemwagiza jirani vitu vya sokoni. Karani alimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Karani alishika kalamu ili aandike maneno yake yawe ushahidi, akasita. Kuyaandika kungekuwa kunakili urithi, naye hakuwa na kibali. Akamwambia atamrudisha mahakamani.

"Nirudishe, baba," alisema Bi Mwanaunju. "Hakimu hakusikia vizuri mara ya kwanza."

Akaendelea mpaka mwisho, kisha akarudia mara ya pili ili nisikosee. Sikuandika pale. Mimi nimezoea kushika vipimo kichwani.

Kwa hiyo natoa vipimo hivyo hapa, nje ya nchi yao, nikijua ni kosa kwa sheria zao. Wenye mlima na mvua wavichukue. Wale wa kwetu wanaosifu Zinduru wavisome pia, ndipo waniambie kipi kati ya hivi kilistahili kufungiwa ghalani.

Chokaa ya kuchomwa, iliyozimwa kwa maji ikalala shimoni miezi sita bila kukauka: makapu matatu. Mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke meupe: makapu manne. Vigae vya vyungu vilivyopondwa na kuchekechwa: makapu mawili, na vumbi lake usilitupe. Changanya kwa kukanyaga, siyo kwa jembe, mpaka mguu ukitoka utoke safi. Lowesha ukuta tangu jana yake. Paka nyembamba, mara tatu, kila mara ile ya chini ikiwa bado ina ubaridi. Ya mwisho sugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka itoe jasho. Funika kwa mikeka iliyoloweshwa siku saba, uwe unailowesha asubuhi na jioni. Penye ufa anzia chini. Siku ya nane fungulia maji.